Pumzi Fupi Isiyo Kifua Kikuu: Matunzo ya Kila Siku ya Ugonjwa Sugu wa Mapafu

Mkazi wa Magamba, mkoani Katavi, anapokohoa kwa miezi na kuishiwa pumzi akipanda mwinuko mdogo, jambo la kwanza linalofikiriwa ni kifua kikuu. Ni haki lifikiriwe, na makohozi yapimwe. Shida huanza majibu yanapoonyesha kwamba hakuna vimelea: mgonjwa hurudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi, na maradhi yake hayajapata jina. Baadhi ya watu hawa wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani uliua watu wapatao milioni 3.5 mwaka 2021.

Sigara ni chanzo kikubwa, lakini si cha pekee. Mama aliyepika kwa kuni juu ya mafiga matatu kwa miaka thelathini, mkulima aliyekesha kwenye bani la kukaushia tumbaku, mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyevuta vumbi la karasha, wote wako hatarini. Aidha, kifua kikuu kilichopona huweza kuacha makovu na njia za hewa zilizobanwa. Mtu wa namna hii anaweza kuanzishiwa tena dawa za kifua kikuu bila kipimo kuthibitisha. Hazitamfaa, kwa kuwa kinachomsumbua ni kovu wala si kimelea.

Katika ugonjwa huu taabu iko zaidi katika kutoa hewa kuliko kuiingiza. Mirija hujifunga kabla mapafu hayajapungua, hewa iliyotumika hubaki ndani, na nafasi ya hewa mpya huwa ndogo. Ndiyo maana kuhema harakaharaka huongeza dhiki. Mgonjwa aketi, ainame mbele kidogo, viganja juu ya magoti. Avute hewa puani kwa hesabu ya mbili, kisha aitoe polepole kwa hesabu ya nne, midomo ikiwa imebanwa kama ya mtu anayepoza chai. Anapojitwika ndoo, pumzi itolewe wakati wa kunyanyua. Kutembea kila siku kusiachwe, maana misuli ya miguu iliyolegea hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile.

Kuhusu dawa, vidonge vya salbutamol vimezoeleka sana, pengine kupita kiasi. Kidonge kimoja huwa na miligramu 4, ilhali mikupuo miwili ya pampu ya kuvuta ni miligramu 0.2 tu, yaani sehemu moja ya ishirini. Kidonge hupitia kwenye damu, hutetemesha mikono na kuupiga moyo mbio. Mkupuo hufika panapohusika na huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache. Lakini pampu inayopulizwa vibaya huishia kooni, na mgonjwa husema dawa haimsaidii.

Tiba ya kasoro hiyo ni chupa ya plastiki ya nusu lita. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa, kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ya aina hii ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Kitako chake hutobolewa kwa waya wa moto, tundu lienee mdomo wa pampu, na ukingo uzibwe kwa gundi au utepe. Pampu hutikiswa, mgonjwa hutoa pumzi, huweka mdomo wa chupa kati ya midomo yake, hubonyeza mara moja tu, kisha huvuta polepole na kuzuia pumzi kwa hesabu ya kumi. Asiyeweza kuizuia na apumue mara tano ndani ya chupa. Mkupuo wa pili hufuata baada ya nusu dakika. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe, isifutwe ndani. Pampu nyingi za salbutamol zina mikupuo 200. Kuitumbukiza majini ili kujua kama imekwisha ni desturi isiyoaminika, heri kuhesabu.

Aminofilini inahitaji tahadhari. Kiasi kinachotibu hakiko mbali na kinachodhuru, na antibiotiki kama siprofloksasini na erithromisini huipandisha kwenye damu. Muuzaji wa duka la dawa muhimu aelezwe kila dawa inayotumika. Prednisoloni nayo ni ya siku chache wakati wa kuzidiwa, kwa kawaida tano. Kuinunua mwezi baada ya mwezi hukaribisha kisukari, mifupa dhaifu na kifua kikuu chenyewe.

Makohozi yakiongezeka na kugeuka kijani, au pumzi ikipungua kuliko kawaida ya mgonjwa huyo, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Akishindwa kumaliza sentensi, akisinzia, au ulimi ukiwa na rangi ya bluu, asingoje asubuhi. Ndugu anayemsindikiza ataje mapema kwamba ni mgonjwa wa siku nyingi, kwa sababu oksijeni ya watu hawa hupimwa kidoleni na kurekebishwa ibaki kati ya asilimia 88 na 92. Ikizidi, baadhi yao hulala usingizi mzito wa hatari.