Shangazi Kaja na Kapu la Mkononi: Kufunga Mzigo wa Safari ya Pemba

Kijitabu hiki ni cha kaya za Old Korogwe, na jirani zetu wa Handeni, zinazojiandaa kuvuka bahari kwenda Pemba: harusini, likizoni, au kumtazama dada aliyeolewa huko. Sisi wa kandokando ya Mto Pangani tumezoea kuogopa mamba. Baharini adui wa kwanza ni tumbo lako mwenyewe.

Mizigo ni miwili

Ule mfuko mkubwa wa shangazi kaja utaingia kwenye buti la basi, upite Segera na Muheza hadi Tanga, kisha ushuke tumboni mwa meli. Hutauona tena mpaka Pemba. Kwa hiyo weka humo nguo, zawadi na viatu vya harusi. Kitu ambacho mtu wa nyumbani kwako ataumia akikikosa kwa nusu siku kikae kwenye kapu, na kapu likae miguuni pako.

Bibi mwenye presha abebe dawa zake kapuni, za siku zote za safari na tatu za ziada, kwani meli huahirishwa bahari ikichafuka. Ziache katika pakiti zake zenye jina. Vidonge vilivyochanganywa kwenye karatasi moja humtatiza hata mganga wa zahanati. Insulini isikae kwenye jua la dirisha la basi, wala isigandishwe kwa barafu. Ongeza kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, pakiti mbili za ORS, na chupa ya lita moja yenye maji yaliyochemshwa. Pakiti moja huchanganywa na lita moja kamili. Ukikadiria kwa kikombe unaharibu dawa.

Kichefuchefu

Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, mkondo wa Pemba huchafuka. Dawa ya kuzuia kutapika humezwa kama saa moja kabla ya kuondoka. Ukisubiri tumbo lipinduke, kidonge nacho kitarudi na chai. Nyingi huleta usingizi, na promethazini haipewi mtoto chini ya miaka miwili. Muulize mfamasia, usimgawie mtoto kidonge cha baba. Kula kidogo: muhogo wa kuchemsha unafaa, chapati za mafuta ziache kwa wenyeji wako. Kaa katikati ya meli, tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu, na simu ifunge. Beba kopo la kutapikia lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku bara tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar ilitutangulia.

Homa tunayoondoka nayo

Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na haikuchaguliwa kwa sababu hatuna mbu. Zanzibar imeipunguza malaria sana, na sehemu kubwa ya wagonjwa wanaogundulika huko huwa wamesafiri bara. Ukipata homa ukiwa Pemba, nenda ukapime siku hiyohiyo na useme wazi kwamba umetoka Korogwe. Hakuna aibu hapo. Jibu lako linawasaidia wahudumu wa afya kulinda jirani wa mwenyeji wako. Usimeze mseto uliobaki nyumbani bila kipimo. Chandarua kiingie kwenye shangazi kaja.

Sahani ya mgeni

Mgeni haulizi sana mezani, najua. Hapa uliza. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mwanamke mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ya nyama hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Samaki bunju naye ana sumu, mwache.

Kabla ya kung'oa nanga

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba kutoka Unguja, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Ukiona watu wamesimama hadi mlangoni, shuka. Nauli itapatikana tena. Ukipanda, waulize mabaharia yalipo majaketi ya kuokolea, na umvalishe mtoto moja ujaribu mikanda yake. La mtu mzima humvuka mtoto kichwani.