Mdogo Wangu, Kamba Hiyo Inavutwa na Nani?

Mdogo wangu, sogea karibu tuzungumze, na usinune kabla hujanisikia. Kuna jambo linajirudia kwenye barua mnazoandika kwa Kiingereza, za kuomba kazi, za chuoni, hata zile za kulalamikia mirathi, na kila nikilikuta moyo unaniuma kidogo. Mmelipenda mno jina la mchezo wetu wa kuvuta kamba, "tug of war". Bosi akikunyima likizo, ni "tug of war". Mume akimpiga mkewe, "tug of war". Watu sita wakiomba nafasi moja ya ukarani, nayo vilevile. Sikugombezi kwa kulipenda. Ni jina tamu, na picha yake unaijua tangu shuleni. Hata watumishi wa serikali hapa Tanzania huvutana kamba kwenye michezo yao ya SHIMIWI, na wafanyakazi kwenye michezo ya Mei Mosi. Ila ukilitoa uwanjani ukalipeleka kwenye ugomvi wa watu, linasema mambo ambayo pengine hukuyakusudia, na wewe ndiye utakayeumia.

Hebu tuanze na kamba yenyewe. Ukimaanisha mchezo, Kiingereza kwa kawaida huliacha jina peke yake, kama kinavyofanya kwa soka au bao: "we played tug of war". Hakuna "a" hapo, na wengi mnaipachika. Ni kosa dogo, halimwaibishi mtu, lakini lirekebishe mapema kabla halijawa mazoea. Kisha uutazame mchezo wenyewe, maana siri yote imo humo. Kwenye mashindano rasmi ya siku hizi wanavuta wanane kwa wanane, na kabla ya kushika kamba kila timu hupandishwa kwenye mizani ili wazito wasishindanishwe na wepesi. Mshindi ni anayewaburuta wenzake mita 4. Usawa huo haukuwekwa kwa urembo. Mchezo huu ulikuwemo kwenye Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920, na ule wa London mwaka 1908 uliacha manung'uniko: Wamarekani waliburutwa na polisi wa Liverpool, wakalalamika kwamba viatu vya wale polisi viliwapa nguvu isiyo halali, kisha wakajitoa. Ona basi. Hata mahali ambapo ni kamba tu, watu huuliza kwanza kama pande mbili zimelingana.

Na nikuambie jambo ambalo wengi hawalijui. Sisi hudhani jina hili lilianza kwenye mchezo na mafumbo yakafuata. Kwa Waingereza ilikuwa kinyume. Mwaka 1677 mwandishi wa tamthilia Nathaniel Lee alitumia maneno haya kwenye tamthilia yake The Rival Queens, inayomhusu Aleksanda Mkuu, na hakuwa akizungumzia kamba hata kidogo. Alikuwa akisema juu ya pambano kali la watu wanaotoshana nguvu. Mchezo wa kamba ulikuja kupewa jina hilo karne ya 19. Kwa hiyo ukilitumia kwa fumbo huazimi neno la watoto, unashika neno zito ambalo tangu mwanzo lilibeba wazo la wanaotoshana. Ndiyo maana nakusihi ulishike kwa adabu.

Sasa njoo kwenye barua yako. Unapolitumia kwa fumbo, "a" inarudi: "a tug of war between two brothers over the farm". Tazama mambo matatu yaliyomo: "between" inataja wanaovutana, "over" inataja wanachogombania, na ile "a" inatuambia ni mvutano mmoja maalumu. Kama huwezi kuyajaza yote matatu kwa ukweli, liache hilo neno. Mtu aliyeandika "there is a tug of war with my boss" bila kusema wanagombania nini, amemwachia msomaji kazi ya kukisia, na msomaji wa ofisini akikisia hukisia vibaya. Atadhani wewe ni mkorofi, kwamba unavuta upande wako na bosi anavuta wake, na kwamba mnafurahia. Kumbe wewe hukuvuta chochote, dada yangu! Uliomba likizo ya uzazi, haki yako kisheria, ukanyimwa. Andika hivyohivyo: niliomba, nikakataliwa, tarehe fulani. Usijipe nusu ya lawama kwa sababu ya kupenda neno zuri.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali, na unisamehe. Mwanamke anayepigwa nyumbani hayuko kwenye kuvuta kamba. Ukienda kwa wakili au ofisi ya ustawi wa jamii na maelezo ya Kiingereza yanayosema "tug of war" baina yako na mumeo, umewaambia kwamba mlilingana. Umempandisha kwenye mizani pamoja nawe mtu aliyekuzidi nguvu. Neno lake ni "abuse", ni "violence", na usione haya kuliandika. Najua kwa nini mnalikwepa. Lile la mchezo linapunguza aibu, halimtaji mtu kuwa mbaya, na sisi tumelelewa kuficha ya ndani. Lakini mficha uchi hazai, na anayeficha kipigo kwenye jina la mchezo hapati msaada wa mtu.

Kuna mahali pamoja ambapo neno hili linakaa vizuri kabisa, na ndipo linapouma zaidi: mtoto wa wazazi walioachana. Magazeti ya Uingereza yana hata ndugu yake, "tug-of-love", kwa ajili ya mtoto anayegombaniwa na baba na mama. Wote wawili wanavuta kweli, wote wawili wanapenda. Kiingereza husema mtoto "is caught in" mvutano huo, amenaswa katikati. Hashiki kamba, mdogo wangu. Yeye ndiye kamba. Wapiganapo tembo nyasi huumia, tunasema sisi. Na kamba nazo hukatika: mwaka 1997 huko Taipei, umati wa zaidi ya watu elfu moja ulivuta kamba moja hadi ikakatika, na wanaume wawili wakang'olewa mikono. Kwa hiyo ukiandika kuhusu mtoto wa dada yako kwa maneno haya, ujue umesema jambo zito, na baada ya kulisema usiendelee kueleza nani ana hoja nzuri. Eleza mtoto analala wapi, shule anakwenda au hakwendi.

Wale sita wa ukarani tuwapitie haraka. Kamba ina ncha mbili. Wakiwa wengi kila mmoja kivyake, hayo ni mashindano ya kawaida, "competition", basi. Na usitafsiri kila "mvutano" kwa neno hili. Kukiwa na kununiana tu kazini, hakuna anayegombania kitu, Waingereza husema "tension".

Barua ile ya likizo usiitume usiku huu ukiwa na hasira. Iweke hadi asubuhi, futa "tug of war", andika tarehe uliyoomba, jina la cheo cha aliyekataa na maneno aliyokujibu, kisha mpe mtu mmoja anayekupenda akusomee kwa sauti kabla hujaipeleka.