Tusihesabu Mikutano, Tuhesabu Mavuno

Katika mitaa yetu vimo vikundi vingi vya kusaidia watu: vya akina mama, vya vijana, vya kutunza yatima. Mwisho wa mwaka kila kikundi husoma taarifa yake: mikutano kumi na miwili, semina tatu, waliohudhuria mia mbili. Nasi twapiga makofi. Lakini swali kubwa halijaulizwa: je, nyumbani kwa hao mia mbili kumebadilika nini? Mwezi huu tujifunze jambo hili kutoka Bangladesh.

Chama cha BRAC kilianzishwa mwaka 1972 na Bwana Fazle Hasan Abed, ili kuwasaidia wakimbizi waliorejea makwao baada ya vita vya uhuru. Siku zile ugonjwa wa kuhara uliua watoto wengi sana. Dawa yake ilikwisha kujulikana: maji yenye chumvi na sukari, ambayo humrudishia mtoto maji aliyoyapoteza. Lakini wanavijiji wengi hawakuipata. Basi mwaka 1980 BRAC ikaanza kutuma walimu wa kike nyumba kwa nyumba, wamfundishe kila mama kuichanganya mwenyewe kwa chumvi, sukari guru na maji. (Sisi leo tutumie pakiti za zahanati, kwa maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto.)

Katika kazi hiyo twaona mafunzo matatu.

1. Walipima kilichobaki. Baada ya majuma kadhaa mkaguzi alirudi kwa baadhi ya akina mama. Aliwauliza waliyofundishwa, akawataka wachanganye dawa mbele yake. Malipo ya mwalimu yalitegemea majibu hayo: mama akikumbuka vema, mwalimu alipata zaidi, akiwa hakushika neno, mwalimu hakupata kitu kwa ajili yake. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu twalijua jambo hili. Mwalimu aweza kunena vizuri saa nzima, na ubao ukajaa, kumbe darasa halikuondoka na kitu.

2. Hawakuificha habari mbaya. Ilionekana kwamba akina mama walikumbuka somo, lakini wengi hawakuitumia dawa watoto walipougua. BRAC haikuwalaumu, ilitafuta sababu. Ikagundua kuwa baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa ile. Basi wakaelezwa jinsi inavyofanya kazi mwilini, mpaka wakaridhika. Tena wanaume walikuwa wameachwa nje ya mafunzo, nao ndio wenye sauti nyumbani. Ikafanyika mikutano nao pia, sokoni na misikitini.

3. Walijaribu padogo, kisha wakapanua. Walianzia eneo la Sulla, wakasahihisha makosa, ndipo wakaenda kwingine hatua kwa hatua. Somo lilibaki fupi, la hoja chache. Kufikia 1990 walikuwa wamezifikia nyumba zipatazo milioni 12. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kisiwe kimetoboka.

Huenda mtu akasema, "Wale wana fedha, sisi tutawalipa nini wakaguzi?" Jibu ni rahisi. Chagueni nyumba kumi kati ya zile mlizozihudumia, bila kuchagua marafiki. Mtumeni mtu ambaye hakufundisha. Aulize kwa upole, aangalie kwa macho, alete habari kama ilivyo. Na sisi tunaotoa sadaka na michango tusiwabane viongozi kwa habari mbaya, la sivyo tutawafundisha kutuletea njema tu. Mama aliyehudhuria semina zote, kisha mtoto wake akafa kwa ugonjwa uliofundishwa, katika taarifa yetu amehesabiwa kuwa ni ushindi. Hilo ndilo jambo la kutusumbua.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

(a) Kikundi chetu kinataka badiliko gani moja katika nyumba za watu?
(b) Tutalijuaje badiliko hilo mwezi mmoja baada ya kufundisha?
(c) Ni nani hatukumwita, naye aweza kulizuia?
(d) Tukiongezewa fedha leo, je, tuna kazi iliyokwisha kuthibitika ya kuipeleka mtaa wa pili?