Tangawizi ya bibi na maji ya mtoto



Unavuka mpaka wa Petite Barrière alfajiri na mboga zako kwenda Goma, na mtoto wa miaka mitatu anabaki na mama mkwe. Alipohara, bibi alimchemshia tangawizi na mmea wa umuravumba, kisha akamnyima maji kutwa nzima ili tumbo lipumzike. Jioni ulimkuta amelegea. Unauliza utasema nini bila kumvunjia mzee heshima.

Anza kwa kumpa haki yake. Tangawizi imechunguzwa sana, na kichefuchefu inakituliza kweli, hasa cha wajawazito. Umuravumba wa Rwanda nao ulipopimwa maabara miaka ya 1980 ulionekana kuzuia baadhi ya bakteria. Lakini hiyo ni maabara. Kipimo kinachomfaa mtoto mdogo hakijulikani, kwa hiyo wako asipewe umuravumba.

Kinachonitia hofu zaidi ni yale maji aliyonyimwa. Anayehara huuawa na kukaukiwa maji mwilini. Watu wa Gisenyi na Goma wanakumbuka Julai 1994, kipindupindu kilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa wiki chache. Mwaka 1971 huko Bongaon, India, mpakani kama kwenu, dripu zilimwishia daktari Dilip Mahalanabis, akawanywesha wakimbizi wenye kipindupindu maji ya chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Sukari huisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji huifuata.

Basi mwombe bibi, kwa kuwa ndiye mwuguzi wa nyumba, aishike kazi hii: pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari iliyokwisha kupimwa, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikikosekana, atie vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Amnyweshe kidogo kidogo. Mtoto akitapika, bibi asubiri dakika 10 aendelee. Chakula asimnyime. Mjumbe wa afya wa mudugudu wenu atawapa zinki, anywe siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma.

Ukiona damu, macho yaliyozama, mkojo uliokatika, au choo kama maji ya mchele, siku hiyo usivuke. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na njiani uzidi kumnywesha.