Mashindano ya Sataranji ya Siku Mbili: Namna Chama cha Msingi Kinavyoweza Kuyaendesha

SHABAHA YA SOMO: Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, wajumbe wa kamati na vikundi vya elimu wataweza kupanga mashindano ya Jumamosi na Jumapili ambayo mchezaji mpya na mchezaji hodari watacheza wote tangu mwanzo hadi mwisho.

1. Kwa nini chama kijishughulishe na mchezo?

Mwanachama aweza kuuliza: chama cha kahawa kina haja gani na sataranji? Jibu limo katika kanuni za ushirika zenyewe. Tamko la Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika la mwaka 1995 lina kanuni 7. Kanuni ya 5 yahusu elimu, mafunzo na habari, na ya 7 yahusu kuijali jamii.

Katika miteremko ya Kilimanjaro jambo hili lina uzito wa pekee. Vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi, na vijana wengi hawana mashina ya kahawa ya kutosha kuwaingiza katika daftari la wanachama. Wengine hawaujui mlango wa ofisi ya chama ila siku wanapotumwa na wazazi wao kupeleka kahawa. Siku ya mashindano yaweza kuwa siku ya kwanza kijana kuingia pale kwa haja yake mwenyewe na kusikia jina lake likisomwa. Kwa hiyo namna atakavyotendewa siku hiyo si jambo dogo.

Gharama zake si kubwa. Ubao wa drafti wenye miraba 64, unaochezewa kwa vizibo vya soda, ndio huo huo unaofaa kwa sataranji. Kinachohitajika zaidi ni kete, 16 kwa kila upande, ambazo seremala wa kijiji aweza kuzichonga. Wachezaji 32 wanahitaji mbao 16.

2. Kuchagua mfumo wa mashindano

Hapa ndipo mashindano mengi yanapoharibika. Iko mifumo mitatu, na yafaa kamati iipime yote kabla ya kuamua. Yachukuliwe kwa mfano mashindano ya wachezaji 32.

(a) Mtoano. Anayeshindwa hutoka. Mfumo huu ni mwepesi kupanga, lakini baada ya raundi ya kwanza watu 16 hawana kazi tena. Msichana aliyeamka alfajiri na kushuka kwa miguu kutoka vijiji vya karibu na msitu atakuwa amemaliza mashindano yake kabla chai haijachemka. Atarudi nyumbani akisema kwamba mchezo ule una wenyewe, na hatakosea.

(b) Kila mmoja na kila mwingine. Mfumo huu ni wa haki kuliko yote, lakini wachezaji 32 watahitaji kucheza michezo 31 kila mmoja, yaani michezo 496 kwa jumla. Siku mbili hazitoshi. Unafaa kwa kikundi kidogo: wachezaji 6 humaliza kwa michezo 15 tu.

(c) Mfumo wa Uswisi. Uliitwa hivyo kwa kuwa ulitumika kwanza katika mji wa Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Anayeshinda hupata pointi 1, anayetoka sare nusu pointi, na anayeshindwa hapati kitu. Katika kila raundi, mchezaji hupangiwa mwenziwe mwenye pointi sawa naye au zinazokaribiana. Hakuna wawili wanaokutana mara mbili.

Tuone unavyofanya kazi. Kama hakuna sare, wachezaji 32 baada ya raundi ya kwanza hubaki 16 ambao hawajashindwa. Baada ya ya pili hubaki 8, baada ya ya tatu 4, baada ya ya nne 2, na baada ya ya tano mmoja. Raundi 5 zatosha kumpata bingwa, kwa michezo 80 tu. Wakati huo huo, aliyeshindwa asubuhi hukutana mchana na mwenziwe aliyeshindwa asubuhi, na yaelekea atapata mpinzani wa kadiri yake. Mwisho wa siku ya pili, mchezaji mpya amecheza michezo 5 sawasawa na bingwa.

Chama kinachofuata desturi ya mwanachama mmoja, kura moja, kitaona kwamba mfumo huu ndio unaolingana na mwenendo wake.

3. Ratiba

Tarehe ichaguliwe kwa kuangalia kazi za shamba. Uchumaji wa kahawa huanza mnamo Julai na kuendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka. Na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za mlimani huteleza. Januari na Februari hufaa zaidi.

Kila mchezaji akipewa dakika 30, mchezo hauzidi saa moja. Pasipo saa za sataranji za kutosha, zilizopo ziwekwe kwenye michezo inayochelewa. Ratiba yaweza kuwa hivi:

Jumamosi: kuandikisha, saa 2.30 asubuhi, raundi ya 1, saa 3.30, raundi ya 2, saa 5.15, chakula na swala, saa 6.30; raundi ya 3, saa 8.00 mchana.

Jumapili: raundi ya 4, saa 7.30 mchana, baada ya watu kutoka ibadani. Raundi ya 5, saa 9.15, tuzo, saa 10.45.

Kwa ratiba hii, wakaao mbali watafika kwao kabla ya giza.

4. Wenye kazi na kazi zao

Katibu wa mashindano huandikisha majina na kupanga wapinzani. Mwamuzi hukata shauri panapotokea ubishi. Yeye asiwe mchezaji. Mweka hazina hushika fedha.

Mwamuzi asome kanuni kwa sauti kabla ya raundi ya kwanza, hasa ile inayosema kwamba kete iliyoguswa hapana budi ichezwe. Ubishi mwingi huzaliwa hapo. Kadhalika aeleze kwamba mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza, na kwamba kila mchezaji atabadilishiwa rangi kwa zamu kadiri iwezekanavyo.

Wachezaji wakiwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, mmoja hupumzika katika kila raundi na kupewa pointi 1. Apumzike mwenye pointi chache, na asipumzishwe mara mbili mtu yule yule. Wakilingana wawili mwishoni, zijumlishwe pointi za wapinzani wao: aliyekutana na wapinzani wenye pointi nyingi ndiye aliyepanda mlima mkali zaidi, naye atangulie.

Matokeo yabandikwe ukutani baada ya kila raundi. Mkulima aliyeleta kahawa hutaka kuiona mizani kwa macho yake kabla uzito haujaandikwa. Mchezaji naye hutaka kuiona pointi yake. Orodha ikifichwa mezani mwa katibu, hata hesabu iliyo sahihi itashukiwa.

5. Fedha na tuzo

Tuseme watu wazima 20 walipa shilingi 2,000 kila mmoja, na wanafunzi 12 walipa shilingi 500 kila mmoja. Mapato ni shilingi 40,000 na shilingi 6,000, jumla shilingi 46,000. Kila senti ikatiwe stakabadhi, na hesabu ya mapato na matumizi isomwe mbele ya watu kabla ya tuzo kutolewa. Mchezo wa kuwekeana fedha mezani usiruhusiwe kamwe.

Tuzo zisiishie kwa mshindi wa kwanza. Ziwepo za mchezaji mpya aliyefanya vizuri kuliko wapya wenzake, za wasichana, za wazee na za wanafunzi. Mkasi wa kupogolea, daftari, au miche ya kahawa inayostahimili magonjwa, iliyotokana na kazi ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, yenye makao yake Lyamungu, hudumu kuliko kikombe cha bati.

6. Kuwaandaa wachezaji wapya

Juma moja au mawili kabla ya mashindano, chama kifungue ofisi yake jioni kwa mafunzo. Mwalimu hana haja ya kuwa bingwa. Phiona Mutesi wa Katwe, mjini Kampala, alianza kujifunza katika kikundi cha Robert Katende, ambako watoto walipewa pia uji. Aliyemwonyesha kwanza namna kete zinavyokwenda alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2012 Phiona alipata cheo kutoka FIDE, shirikisho la sataranji la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924. Anayejua kidogo na amfundishe asiyejua. Hiyo ndiyo elimu ya ushirika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika michezo iliyokwisha kufanyika kijijini kwenu, wachezaji wangapi walirudi nyumbani baada ya mchezo mmoja? Je, walirudi tena mara ya pili?

2. Mashindano yenye wachezaji 16 yanahitaji raundi ngapi za mfumo wa Uswisi ili kumpata bingwa? Jumla ya michezo ni mingapi?

3. Vijana wangapi wa kijiji hawamo katika daftari la chama, na ni kitu gani kinachowazuia?

4. Mjumbe mmoja wa kamati ataka mwanawe asipangiwe mchezaji hodari katika raundi ya kwanza. Katibu amjibu nini?

Kikundi kiandike majibu yake na kuyapeleka kwenye mkutano wa kamati, pamoja na tarehe kinayopendekeza.