SALA YA MATEKA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baad. Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kwamba mtu aliye katika raha huichelewesha sala kwa biashara, na kwa baraza, na kwa usingizi. Lakini aliyefungwa mikononi mwa adui, akingojea kuuawa, hana cha kumshughulisha ila nafsi yake na Mola wake.

KISA

Katika mwaka wa 4 wa Hijra (625), Mtume (S.A.W.) alituma watu kumi, mkubwa wao Aasim bin Thabit. Walipofika upande wa Rajii, baina ya Usfan na Makka, wakazungukwa na wapiga mishale wapatao mia wa Bani Lihyan. Aasim na wengine wakauawa papo hapo. Watatu wakateremka kwa ahadi ya amani. Walipofungwa kwa nyuzi za pinde, mmoja akaiona hiana, akakataa kwenda, akauawa. Waliosalia, Khubayb bin Adiy na Zayd bin Dathina, wakauzwa Makka.

Khubayb alinunuliwa na wana wa Harith bin Amir, ili wamuue kwa kisasi cha baba yao aliyeuawa Badr. Siku yake ilipokaribia, aliazima wembe apate kujitengeneza. Mtoto mdogo wa nyumba ile akamwendea mama yake hana khabari. Mara mama akamwona mwanawe juu ya paja la mateka, na wembe mkononi mwake. Akafazaika. Khubayb akamtuliza, kwamba yeye si wa kumfanyia mtoto jambo hilo.

Walipomtoa nje ya Haram wamuue, aliomba aachwe asali rakaa mbili. Akasali, wala hakurefusha, akawaambia kuwa amefupisha ili wasidhani kuwa anaogopa kufa.

MAS-ALA

1. Kwa Imamu zetu wa Kishafii, rakaa mbili hizi ni suna kwa kila anayekwenda kuuawa.

2. Faradhi haimwondokei mateka maadamu ana akili. Akifungwa husali kwa kuashiria kichwa. Asipoweza, kwa kope. Asipoweza, huipitisha moyoni. Asipopata maji wala mchanga, husali kwa heshima ya wakati, kisha huirudia apatapo nafasi.

3. Aliyeacha sala miaka mingi, akamkumbuka Mola wake akiwa katika minyororo, asikate tamaa. Mlango wa toba u wazi maadamu roho haijafika kooni. Na aache maasi, ajute, aazimie kutorejea, na arudishe haki za watu. Sala zilizompita ni deni. Na aanze kuzilipa saa ile ile. Mauti yakimfika naye yumo katika kulipa, msamaha hutarajiwa kwa Mola Mkarimu.

FAIDA

Tazama, ndugu: Khubayb hakujifunza sala siku ile. Aliizoea katika amani, ndipo alipokuwa nayo katika shida. Na Aasim hakupewa muda wa rakaa hata moja mbele ya mishale ile. Basi mwenye kuiweka toba yake mpaka siku ya kufungwa, ni nani aliyemdhamini kuwa atafungwa kwanza kabla ya kuuawa? Adhana ya leo ikilia, na ainuke.

Wallahu aalam.