Kuisoma Ndege ya Upelelezi Katika Jumba la Makumbusho

Mwanafunzi aingiapo katika jumba la makumbusho hukabiliwa na hatari moja, nayo ni kutazama kila kitu na kutoka bila kujifunza lolote. Vitu vilivyowekwa humo ni bubu; hujibu pale tu vinapoulizwa. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuviuliza, tukitumia mfano wa ndege za kijeshi za upelelezi zilizokwisha kustaafishwa. Ndege hizi zinafaa kwa kazi hiyo kwa sababu ziliundwa kwa shughuli moja tu, na karibu kila sehemu ionekanayo kwa nje ni jibu la swali fulani la fizikia au la kemia.

Twende, basi, hadi Duxford, uwanja wa zamani wa ndege za kivita ulio karibu na mji wa Cambridge nchini Uingereza. Mahali hapo sasa ni tawi la Imperial War Museum. Katika ukumbi wake wa ndege za Kimarekani, uliofunguliwa mwaka 1997, zimo ndege mbili ambazo hazifai kupitwa haraka: U-2 na SR-71. Zote mbili zilibuniwa katika karakana ya siri ya kampuni ya Lockheed huko California, chini ya uongozi wa mhandisi Clarence Johnson. U-2 iliruka kwa mara ya kwanza Agosti 1955. SR-71 iliruka tarehe 22 Desemba 1964. Ya kwanza ina mabawa marefu na membamba kama ya ndege isiyo na injini. Ya pili ni nyeusi, bapa, iliyochongoka kama kichwa cha mkuki. Swali letu la kwanza ni hili: kwa nini wabunifu wale wale, katika muda usiotimia miaka kumi, waliunda ndege mbili zisizofanana kwa kazi ile ile?

Swali moja, majibu mawili

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga picha za nchi ya watu wengine kutoka juu, bila ndege kufikiwa na silaha za wenyeji. Njia iliyoonekana kuwa salama ilikuwa kupaa juu sana. Lakini kadiri ndege inavyopaa ndivyo hewa inavyopungua. Katika kimo cha kilometa 21, yaani zaidi ya mara tatu na nusu ya kimo cha Mlima Kilimanjaro, densiti ya hewa ni karibu sehemu moja ya kumi na sita ya ile ya usawa wa bahari.

Nguvu inayoinyanyua ndege hutegemea, pamoja na umbo na mkao wa bawa, mambo matatu: densiti ya hewa, eneo la mabawa na mraba wa mwendokasi. Densiti ikipungua mara kumi na sita, ni lazima kitu kingine kiongezeke. Mhandisi aweza kuongeza eneo la mabawa na kupunguza uzito wa ndege. Aweza pia kuongeza mwendokasi. Na kwa kuwa mwendokasi huingia kwa mraba wake, mwendo ukiongezeka mara nne utafidia upungufu wote huo. U-2 ilielemea zaidi kwenye njia ya kwanza, na SR-71 kwenye njia ya pili. Mwanafunzi anayelijua jambo hili ataona kwamba tofauti ya maumbo yale mawili imetokana na kanuni moja.

Jibu la kwanza: mabawa marefu

U-2 za mwanzo zilikuwa na upana wa meta 24 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, ilhali urefu wa mwili ulikuwa meta 15 tu. Ili kupunguza uzito, magurudumu makuu yalipangwa mstari mmoja chini ya tumbo, kama ya baiskeli. Magurudumu madogo yaliyoegemeza mabawa yaliachwa uwanjani ndege ilipopaa. Wakati wa kutua, rubani mwenzake alimfuata kwa gari mbio uwanjani, akimweleza kwa redio kimo kilichobaki kabla ya kugusa ardhi.

Chunguza pia mavazi ya rubani. Katika kimo cha kilometa 19 hivi, kanieneo ya hewa ni ndogo kiasi kwamba maji huchemka kwa jotoridi la mwili wa binadamu, yaani 37°C. Rubani wa U-2 aliruka juu ya mpaka huo. Kama chumba chake kingetoboka, vazi lake la kanieneo ndilo lililokuwa kinga yake ya mwisho.

Jibu la pili: mwendokasi

Tarehe 28 Julai 1976, ndege ya SR-71 iliweka rekodi ya mwendokasi wa kilometa 3,529 kwa saa, karibu kilometa moja kwa kila sekunde. Siku hiyo hiyo, SR-71 nyingine iliruka mfululizo katika kimo cha meta 25,929. Ndege hii ya pili ndiyo iliyomo Duxford leo.

Mwendo wa namna hiyo huleta tatizo la joto. Hewa iliyo mbele ya ndege hugandamizwa kwa ghafla na kusuguana na ngozi yake, na jotoridi la ngozi hiyo hupita 250°C mahali pengi. Aloi za alumini, zitumikazo katika ndege za kawaida, hupoteza nguvu zake kabla ya kufika hapo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya SR-71 ilitengenezwa kwa titani, metali iliyo nyepesi kuliko chuma na yenye kustahimili joto. Kwa mujibu wa maelezo ya wahandisi wenyewe, sehemu ya titani hiyo ilinunuliwa kwa kupitia watu wa kati kutoka Urusi ya Kisovieti, taifa lile lile lililokusudiwa kupelelezwa. Kwetu sisi pia madini ya titani si mageni: mchanga wa Kwale, katika pwani ya Kenya, ulichimbwa ilmenaiti na rutaili hadi mwishoni mwa mwaka 2024. Mengi ya madini ya namna hiyo duniani hutumika kutengenezea rangi nyeupe, wala si ndege.

Titani iliwafundisha mafundi unyenyekevu. Waliona kwamba baadhi ya vipande vilivyounganishwa wakati wa kiangazi viliharibika mapema kuliko vile vya majira ya baridi. Walipochunguza walikuta kwamba vipande vilioshwa kwa maji ya mji, na kwamba wakati wa kiangazi maji hayo yalitiwa klorini nyingi zaidi. Tena waliona vichwa vya bolti vikikatika baada ya kupata joto. Sababu ilikuwa spana zilizopakwa kadimi. Hakuna alama ya mambo haya kwenye ndege iliyowekwa ukumbini, lakini humo mna funzo kubwa la sayansi: matokeo yanapotofautiana, tafuta ni kitu gani kingine kilichotofautiana.

Sasa itazame SR-71 kwa karibu. Sehemu za ngozi ya mabawa zina mikunjo midogo kama ya bati la kuezekea, ili metali ipate nafasi ya kutanuka bila kujipinda. Rangi nyeusi ilisaidia kupoza ndege, kwani uso mweusi hunururisha joto vizuri kuliko uso unaong'aa. Tairi zina rangi ya fedha kwa sababu mpira wake ulichanganywa na unga wa alumini ili uhimili joto, na ndani zilijazwa naitrojeni. Mbele ya kila injini kuna koni kubwa. Koni hiyo ilirudi nyuma kadiri mwendo ulivyozidi, ili mawimbi ya mshtuko yakae mahali panapofaa na hewa ipunguziwe kasi kabla ya kuifikia injini. Matangi nayo yalivuja ndege ilipokuwa ardhini, kwa kuwa vizibio vya viungo vyake viliharibiwa na kupata joto na kupoa mara kwa mara. Ndege ilipopata joto angani, metali ilitanuka na viungo vikajibana.

Kamera: sababu ya yote

Mabawa, injini na titani vyote vilikuwa mtumishi wa kamera. Kamera moja mashuhuri ya U-2 ilikuwa na lenzi yenye urefu wa fokasi wa sentimeta 91. Gawanya kimo cha meta 21,000 kwa 0.91, nawe utapata kwamba milimeta moja ya filamu iliwakilisha takriban meta 23 za ardhi. Gari lenye urefu wa meta 4.6 lilichukua sehemu ya tano tu ya milimeta moja. Ndiyo maana wasomaji wa picha walikaa siku nyingi wakiinamia lenzi za kukuzia.

Mambo ambayo kibao hakiyasemi

Hapa ndipo somo la fizikia linapokutana na somo la historia. Kwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. U-2 zilipoingia katika anga ya Urusi ya Kisovieti kuanzia mwaka 1956, zilivunja haki hiyo. Hata hivyo, picha zake zilionyesha kwamba Warusi hawakuwa na wingi wa ndege za mabomu uliokuwa ukihofiwa Marekani, na hivyo hofu moja ilipungua.

Tarehe 1 Mei 1960, kimo hakikutosha tena. Karibu na mji wa Sverdlovsk, U-2 iliyorushwa na Francis Gary Powers ilidunguliwa kwa kombora. Katika mkasa huo huo kombora jingine liliipiga ndege ya Warusi wenyewe na kumwua rubani wake. Marekani ilitangaza kwamba ndege iliyopotea ilikuwa ya uchunguzi wa hali ya hewa. Siku chache baadaye Warusi walidhihirisha kwamba Powers yu hai na amekiri, na uongo ukafichuka. Mkutano wa wakuu wa mataifa makubwa uliofanyika Paris mwezi huo huo ukavunjika. Powers alihukumiwa kifungo, akabadilishwa na jasusi wa Kirusi Februari 1962.

Mabaki ya ndege ile yamo katika Jumba la Makumbusho ya Majeshi mjini Moscow. Kwa hiyo U-2 moja inaonyeshwa Duxford ikiwa nzima, kama ushahidi wa ufundi. Nyingine inaonyeshwa Moscow ikiwa vipande, kama ushahidi wa uvamizi ulioshindwa. Metali ni ile ile, masimulizi ni mawili. Hali kadhalika, husemwa kwa fahari kwamba hakuna SR-71 iliyodunguliwa na adui, na hilo ni kweli. Lakini katika ndege 32 zilizoundwa, 12 ziliangamia katika ajali. Mgeni mwangalifu huuliza habari za zile zisizokuwamo ukumbini.

Wengi wetu hatutafika Duxford wala Moscow. Hata hivyo, picha moja nzuri ya ndege, rula na kanuni chache zatosha kuanzia somo darasani.

Mazoezi

1. SR-71 ina urefu wa meta 32.7. Kizigeu cha mtanuko wa titani ni 0.000009 kwa kila digrii. Jotoridi likipanda kwa digrii 250, ndege itarefuka kwa kiasi gani? Rudia hesabu kwa alumini, yenye kizigeu cha 0.000023.

2. Katika kimo kikubwa sauti husafiri kilometa 1,062 kwa saa. Rekodi ya mwaka 1976 ilikuwa mara ngapi ya mwendo wa sauti?

3. Nyumba yenye urefu wa meta 12 itaonekana kwa urefu gani katika filamu ya kamera iliyoelezwa hapo juu?

4. Andika vibao viwili vya maelezo ya ndege ya U-2, kimoja cha Duxford na kimoja cha Moscow, kila kimoja kwa maneno hamsini. Usiandike lolote lisilo la kweli. Kisha darasa lijadili: ni ukweli upi ulioachwa katika kila kibao, na kwa nini?

Majibu ya hesabu: (1) sentimeta 7.4 kwa titani, 18.8 kwa alumini. (2) mara 3.3, (3) milimeta 0.52.